Uvimbe mdogo wa Rais Eisenhower

Hapa Ubaruku mtu ambaye presha inapanda na kushuka huambiwa ni mawazo ya mpunga: mkopo wa pembejeo haujalipwa, au maji hayajafika shambani. Mara nyingi ni kweli. Leo nakusimulia mtu ambaye presha yake nayo haikukosa maelezo.

Dwight Eisenhower alizaliwa Texas mwaka 1890, akakulia Kansas katika familia isiyo na uwezo. Akiwa jenerali, Juni 6, 1944 aliongoza majeshi yaliyotua Normandy, Ufaransa. Mwaka 1953 akawa Rais wa Marekani. Alikuwa mtu wa hasira za ghafla, na aliwahi kuvuta hadi pakiti nne za sigara kwa siku, akaacha mwaka 1949. Septemba 1955 alipata mshtuko wa moyo akiwa Denver. Mwaka 1957, kiharusi. Presha yake iliyumba kwa miaka mingi. Kazi, sigara, hasira: nani angetafuta sababu nyingine?

Alifariki Machi 28, 1969, akiwa na miaka 78. Mwili ulipochunguzwa, tezi ya adrenali ya kushoto ilikutwa na uvimbe wa sentimita 1.5, kama gololi ya watoto. Tezi hizi ni mbili, kila moja juu ya figo yake. Uvimbe huo, feokromositoma, humwaga kwenye damu homoni za jamii ya adrenalini: kichwa kinagonga, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio, kisha hali inatulia. Sisemi ndio uliomuua; sigara haikumwacha salama.

Eksirei ya kawaida isingeuona. CT-Scan ilimpima mgonjwa wa kwanza London mwaka 1971, miaka miwili baada ya kifo chake, na mwanzoni ilipima kichwa tu.

Siku hizi tunaanza na damu au mkojo kutafuta mabaki ya homoni hizo, ndipo CT-Scan au MRI. Vivimbe vingi vya tezi hii havina madhara. Vina mafuta, hivyo kwenye CT huonekana vyeusi zaidi. Feokromositoma kwa kawaida haina mafuta hayo. Kuchomwa sindano ya kutoa kinyama kabla ya kipimo cha damu au mkojo ni hatari, presha inaweza kulipuka.

Hali ikikupata, pimwa presha wakati huohuo, andika namba na saa kwenye daftari, uje nalo.