MAREHEMU EDWARD SAIDI TINGATINGA

Mkisikia tingatinga msidhani nazungumzia ile mashine ya kutengeneza barabara. Huyu alikuwa mtu, tena mchoraji.

Alizaliwa mwaka wa 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania, kwa wakulima maskini. Shule aliiachia darasa la nne. Mwaka wa 1955 alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, halafu akahamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumba na bustani. Mpaka hapo hakuna la ajabu. Wazee wengi wa huku kwetu Sachangwan wana hadithi kama hiyo.

Ajabu ilianza 1968. Edward, mtu wa miaka 36 ambaye hakuwahi kufundishwa kuchora, alichukua hadibodi, zile mbao nyembamba za dari, akaipaka rangi ya mafuta, ile ile ya baiskeli! Alitandaza rangi moja kwanza, kisha juu yake akamweka chui, ndege au tembo. Rangi hiyo ilipatikana dukani kwa bei nafuu, na kumbe inang'aa sana. Wajapani hupata mng'ao kama huo kwa utomvu wa mti: hupaka chombo cha mbao tabaka juu ya tabaka, wakanyunyiza unga wa dhahabu kabla utomvu haujakauka. Ufundi huo una zaidi ya miaka elfu moja. Edward yeye aliupata mng'ao wake ndani ya mkebe. (Ukitaka kujaribu, ngoja jua. Kwa baridi yetu hii rangi hiyo hukawia kukauka, chui anabaki kunata tu.)

Picha ziliuzwa kwa wageni pale Morogoro Stores, Oysterbay. Aliwafundisha jamaa zake wachache, basi.

Mwaka wa 1972, akiwa garini na wenzake, polisi waliwadhania wahalifu wakafyatua risasi. Edward akafa. Alikuwa amechora miaka minne tu! Mimi hapo ndipo ninapoumia, maana leo picha nyingi ajabu zinaitwa tingatinga, na zake mwenyewe ni chache mno.

Wanafunzi wake waliendelea, na mwaka wa 1990 ushirika wao ukaanzishwa. Ndugu yake, Simon George Mpata, alikuja kuchora huku Kenya mpaka alipofariki 1984. Wajapani walizipenda mno picha zake, na hoteli moja ya kitalii kule Masai Mara ikapewa jina la Mpata.