Ibn Battuta, tende za Basra na uji wa Singida

Mwaka 2004, vita vya Iraq vikiwa na mwaka mmoja tu, basi nililopanda lilituharibikia karibu na mji wa Singida. Jua lilikuwa limekwishazama. Baada ya swala ya Isha katika msikiti mdogo wa pembezoni mwa mji, mzee mmoja wa Kinyaturu alinishika mkono akaniambia kuwa msafiri halali msikitini ilhali yeye ana nyumba. Nikamfuata.

Nakiri mbele yenu, ndugu wasomaji, kwamba njiani nilikuwa na hesabu zangu. Nani asiyewajua kuku wa Singida? Dar es Salaam wanauzwa kwa jina la mkoa wao, na mnunuzi huongeza bei bila kubisha. Basi nilikuwa natembea gizani huku nikinusa mchuzi ambao haujapikwa. Kilipoletwa chakula, kilikuwa ni uji mzito wa uwele uliochanganywa na maziwa na asali kidogo, ndani ya kibuyu kilichokatwa nusu. Mdomo ulisema Bismillah, moyo ukanung'unika.

Tukiwa tunakunywa, mzee alianza habari za majirani zao Wairaqw wa Mbulu. Alikuwa amesikia, kama wengi wetu tulivyosikia, kwamba watu hao asili yao ni Iraq kwa kuwa majina yanafanana. Wataalamu wa lugha hawakubaliani na hilo. Wao wanaiweka lugha ya Kiiraqw katika jamii ya lugha za Kikushi, pamoja na Kisomali na Kioromo. Lakini mzee hakuishia hapo. Akataka kujua, hao watu wa Iraq ambao redio inawataja kila siku kwa mabomu, wao wanakula nini? Mgeni akiwafikia wanamwekea nini mbele yake?

Sikuwa na jibu. Nilizijua Fallujah, Najaf na Basra kwa idadi ya maiti. Nilikuwa nimekwishaandika kuhusu nchi ile zaidi ya mara moja, lakini sikujua watu wake wanafungua kinywa na nini asubuhi.

Jibu nilikuja kulipata baadaye kwa mtu aliyefariki zaidi ya miaka 600 iliyopita. Huyo ni Ibn Battuta, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu huyu alikula Iraq, akala katika pwani yetu, akaja akala pia uji kama ule niliopewa Singida. Nimeona ni vyema tusimuliane maisha yake, kwani ndani yake mna funzo kwetu sisi wa mijini tunaosafiri sana na kula sana.

Muhammad bin Abdallah, maarufu kwa jina la Ibn Battuta, alizaliwa Tangier nchini Morocco mwezi wa Rajab mwaka 703 Hijria, yaani Februari 1304. Familia yake ilikuwa ya makadhi wa madhehebu ya Maliki. Mwezi wa Rajab mwaka 725, sawa na Juni 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake kwa majonzi akatoka peke yake kwenda Hija. Alikuja kurudi Morocco mwaka 1349.

Baada ya Hija yake ya kwanza, mwishoni mwa mwaka 1326, alifuatana na msafara wa mahujaji wa Iraq. Kituo chake kikubwa cha mwanzo kilikuwa Najaf. Yeye alikuwa Sunni na wenyeji wake walikuwa Mashia, na katika kumbukumbu zake haifichi tofauti hiyo. Pamoja na hayo ameeleza kwa uadilifu kwamba katika madrasa ya pale kila mgeni alikirimiwa kwa siku tatu, mara mbili kwa siku, kwa mkate, nyama na tende. Siku tatu, ndugu msomaji. Ndiyo kadiri ile ile ya haki ya mgeni tuliyofundishwa na Mtume (SAW), na kinachozidi hapo ni sadaka.

Kutoka hapo alishuka hadi Basra, na hapa kalamu yake inanenepa. Anasema hakuna mahali duniani penye mitende mingi kuliko Basra. Kadhi wa mji alimpelekea kapu la tende ambalo mchukuzi alilibeba kwa taabu. Alipotaka kuziuza akapata dirham tisa, na dirham tatu katika hizo zikawa ujira wa mchukuzi kwa kulitoa nyumbani hadi sokoni! Tende zilikuwa rahisi kiasi hicho. Ameeleza pia kuwa watu wa Basra walikamua asali kutoka kwenye tende, tamu kama sharubati.

Hakuwa mtu wa kusifia tu. Siku ya Ijumaa alimsikia khatibu wa Basra akikosea nahau waziwazi, katika mji ule ule ambako elimu ya nahau ya Kiarabu ilisimamishwa. Alisikitika sana. Kisha akafika Abadan, karibu na bahari, akamtafuta mchamungu mmoja aliyejitenga na watu. Mchamungu yule alimwombea dua ya dunia na akhera, kisha akampelekea samaki mmoja mbichi. Ibn Battuta anakumbuka kwamba hajapata kula samaki mtamu kama yule, na moyo wake ulitamani abaki pale kumtumikia mzee yule maisha yake yote. Ni samaki mmoja tu, kutoka kwa mtu asiye na kitu.

Mwaka 1327 aliingia Baghdad. Ilikuwa miaka 69 tangu Wamongoli waubomoe mji huo mwaka 1258. Alikuta sehemu kubwa ya upande wa magharibi ni magofu, lakini misikiti inaswaliwa, masoko yana watu, na mabafu yake ni ya kupigiwa mfano. Mji uliochinjwa ulikuwa bado unapika na kukaribisha wageni.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu mzee wangu wa Singida, ingawa kwa kuchelewa. Asali ile ya tende ipo mpaka leo, Wairaki wanaiita dibis. Asubuhi, hasa wakati wa baridi, huchovya mkate kwenye dibis iliyochanganywa na ufuta uliosagwa. Wengine hufungua kinywa kwa geymar, malai mazito ya maziwa ya nyati wanaofugwa katika vinamasi vya kusini. Msafiri akifika kingo za mto Tigris hapaswi kukosa masgouf, samaki wa mtoni anayepasuliwa mgongoni, akatandazwa wazi na kusimamishwa kando ya moto wa kuni mpaka aive kwa joto pole pole. Kuna tashrib, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyama, ndugu wa tharid, chakula alichokipenda Mtume (SAW). Kuna dolma, yaani vitunguu, mboga na majani ya mzabibu yaliyojazwa wali na nyama. Kuna kubba ya Mosul, bapa kama sahani. Siku ya Idi nyumba hunukia kleicha, vitumbua vikavu vya kuoka vyenye tende ndani yake.

Lakini anayevitamani vyakula hivyo akumbuke pia kilichowapata wapishi wake. Mitende ya Basra aliyoisifu Ibn Battuta ilifyekwa na kuungua kwa wingi katika vita vya Iraq na Iran vya 1980 hadi 1988. Vinamasi vya nyati vilikaushwa na serikali ya Saddam Hussein katika miaka ya 1990 ili kuwaadhibu wakazi wake. Ukaja uvamizi wa Machi 2003. Ukijua hivyo, kila bomu linaloanguka unajua limeangukia jiko la nani.

Tuendelee na msafiri wetu. Baada ya kukaa Makka alipanda jahazi kutoka Aden akaja kwetu, mwaka 1331 kwa hesabu ya wengi. Mogadishu alifikia kwa kadhi na kulishwa kwa siku tatu chakula kutoka kwa Sultani. Kilikuwa wali uliopikwa kwa samli kwenye sinia kubwa la mbao, juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni waliweka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Msomaji wa pwani ataona kuwa sahani hiyo bado haijatoka mezani. Mombasa alilala usiku mmoja, akaona wenyeji wanaishi kwa ndizi na samaki, na nafaka inaletwa kutoka nje. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa wingi wa utoaji wake. Sultani huyo alipoombwa nguo zake na fakiri wa Yemen akitoka swala ya Ijumaa, aliingia nyumba ya khatibu, akazivua na kumpa.

Kutoka hapo alizunguka nchi za Waturuki, akawa kadhi Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, akawa kadhi tena katika visiwa vya Maldives, akafika China. Aliporudi mwaka 1348 alikuta tauni inaangamiza miji. Alipokaribia kwao akapewa habari kuwa mama yake naye alikwishafariki kwa tauni hiyo.

Sasa nifike pale aliponikamata mimi. Mwaka 1352 alivuka jangwa la Sahara kwenda Mali. Katika mji wa Walata, ofisa wa mji aliwaalika wasafiri nyumbani kwake. Wakaletewa uwele uliotwangwa, umechanganywa na asali kidogo na maziwa, ndani ya kibuyu kilichokatwa nusu! Ibn Battuta, aliyekwishakula sahani za masultani, alistaajabu kuwa mwaliko wote ulikuwa kwa ajili ya kitu hicho. Wenzake wakamfahamisha kuwa kwa watu wale huo ndio ukarimu mkubwa kuliko wote. Hakuridhika. Alikata tamaa na nchi nzima, na akafikiria kugeuza njia arudi. Baadaye, kwenye mji mkuu, mfalme Mansa Suleiman alipompelekea mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe na kibuyu cha maziwa ya mgando, yeye aliyetegemea majoho na fedha alicheka.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu. Nilijiona mimi mwenyewe nimekaa mbele ya mzee wa Kinyaturu na kibuyu chake. Kama msafiri mkubwa namna ile aliteleza, mimi ni nani? Lakini yeye alikuwa na utetezi ambao mimi sina, nao ni kwamba hakuficha. Miaka michache baadaye, mwaka 1355, kwa amri ya Sultani Abu Inan wa Morocco, aliyasimulia yote kwa mwandishi Ibn Juzayy, mazuri na yale yanayomwonyesha mwenyewe vibaya. Na watu wale wale wa Mali aliwashuhudia kwa haki. Alisema dhulma ni chache kwao, msafiri hamwogopi mwizi, wanawahi misikitini siku ya Ijumaa, na wanawakazania watoto wao kuhifadhi Qur'an. Alimalizia maisha yake akiwa kadhi nchini kwao, na inakadiriwa alifariki mwaka 1368 au 1369.

Ndugu zangu, Mtume (SAW) hakuwa akikitia ila chakula. Akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Hiyo ndiyo adabu ya mgeni, na tumeipoteza mijini kama tulivyoipoteza haki ya mgeni yenyewe. Tunapita Singida tunanunua chipsi za stendi, kisha tunarudi na kusema mkoa ule hauna kitu. Tutafika Baghdad tutafute kuku wa kukaanga.

Nimebakiza jambo moja la usiku ule. Alfajiri, baada ya swala, niliwakuta wajukuu wa mzee uani wanakunywa uji wao. Ulikuwa uwele na maji. Hapakuwa na maziwa wala asali. Vya nyumba ile vilikuwa vimekwisha usiku, ndani ya kibuyu nilichokinung'unikia.

Nilipopita tena Singida miaka mitatu baadaye, nikiwa nimebeba tende kwa ajili yake, niliambiwa mzee amekwisharejea kwa Mola wake. Tende zile waligawana wajukuu. Nami waliniwekea uji. Mara hii niliunywa wote, nikaomba nyongeza.