Bosisto: Mfamasia aliyevuna mali kwenye majani ya mkaratusi

MKULIMA anayekata mikaratusi huuza nguzo, mbao na kuni. Majani huyaacha shambani yaoze, au huyachoma. Joseph Bosisto alifanya kinyume. Yeye alitaka majani, na biashara aliyoianzisha nchini Australia katika miaka ya 1850 ndiyo iliyofikisha kwenye maduka ya dawa duniani ile chupa ndogo ya mafuta yenye harufu kali, yanayotumiwa na wenye mafua na wenye maumivu ya misuli.

Bosisto alizaliwa Uingereza mwaka 1824 na akajifunza kazi ya ufamasia. Mwaka 1848 alipanda meli hadi Adelaide, kusini mwa Australia, akaajiriwa katika biashara ya dawa. Miaka mitatu baadaye dhahabu iligunduliwa katika koloni la Victoria, naye akaenda kujaribu bahati kama vijana wengi wa wakati ule. Hakukaa sana machimboni. Alifungua duka lake la dawa Richmond, pembeni mwa mji wa Melbourne, na huko ndiko alikoishi hadi mwisho wa maisha yake.

Wakati huo dawa nyingi zilitoka Ulaya kwa meli, safari ya miezi kadhaa. Zilifika zikiwa ghali. Bosisto akaanza kuchunguza miti iliyokuwa imemzunguka. Hakuwa wa kwanza kujua kwamba mkaratusi ni dawa. Wenyeji wa Australia walikuwa wakitumia majani yake kutibu homa na vidonda kabla meli ya kwanza ya wazungu haijatia nanga, ingawa faida ya biashara iliyofuata haikuwafikia.

Aliyemsukuma ni Ferdinand von Mueller, Mjerumani aliyekuwa mtaalamu wa mimea wa serikali ya Victoria kuanzia mwaka 1853. Mueller aliamini mafuta ya majani hayo yangeweza kuwa bidhaa ya kuuza nje. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1850 Bosisto alijenga mtambo wake karibu na kijito cha Dandenong, nje ya Melbourne.

Mtambo wenyewe haukuwa wa ajabu, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Majani na vitawi hujazwa kwenye pipa kubwa lililofungwa vizuri, mvuke wa maji hupitishwa ndani yake, kisha mvuke huo huongozwa kwenye bomba linalopita katika maji baridi. Unapopoa hugeuka maji, na mafuta huelea juu. Yanaenguliwa. Kazi ngumu ni ya kukata na kusomba majani, kwa sababu hata kwa aina nzuri za miti, kilo 100 za majani mabichi hutoa takriban kilo moja au mbili tu za mafuta.

Hapo ndipo akili ya biashara ya Bosisto ilipoonekana. Kuna mamia ya aina za mikaratusi, na alipima aina moja baada ya nyingine ili ajue ipi inatoa mafuta mengi na ya namna gani. Nyingine zilimpa mafuta kidogo mno yasiyolipa hata kuni. Somo hilo lingali na maana kwa anayefikiria kununua mtambo leo: mikaratusi iliyopandwa kwa ajili ya nguzo si lazima iwe na mafuta ya dawa. Wanunuzi wa mafuta ya dawa hutaka yenye sineoli ya asilimia 70 au zaidi, na kipimo hicho hufanywa maabara, si kwa kunusa. Mkaratusi unaonukia kama limau, kwa mfano, una mafuta ya namna nyingine kabisa.

Mwaka 1882 Bosisto aliungana na wafanyabiashara Alfred Felton na Frederick Grimwade kuanzisha kampuni ya kukamua mafuta katika nyanda kame za kaskazini-magharibi mwa Victoria. Mikaratusi mifupi ya huko hukatwa, kisha kisiki huchipua upya na kuvunwa tena. Mwaka 1886 aliongoza ujumbe wa Victoria kwenye maonyesho makubwa ya makoloni mjini London, na bidhaa zake zikajulikana zaidi.

Lakini mtu huyu aliyeuza mafuta kwa bidii hakutaka dawa ziuzwe kiholela. Mwaka 1857 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wafamasia cha Victoria. Baadaye, akiwa mbunge wa Richmond kuanzia mwaka 1874, alipigania sheria za mwaka 1876 zilizodhibiti kazi ya ufamasia na uuzaji wa sumu. Alijua kwamba dawa ikizidi kipimo huwa sumu.

Mafuta ya mkaratusi ni mfano mzuri. Zama zake watu waliyanywa kwa matone kutibu magonjwa mengi, na mengi ya yaliyodaiwa wakati ule hayakuthibitika. Leo inajulikana kwamba kijiko kimoja cha chai kikimezwa kinaweza kumtia mtoto degedege na kumpotezea fahamu, wakati mwingine katika muda usiozidi nusu saa. Aliyemeza asitapishwe. Akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Mafuta haya hayapakwi usoni wala puani kwa mtoto mchanga. Mtu mzima anayejichua huyachanganya kwanza na mafuta ya nazi au ya alizeti, matone mawili au matatu kwa kijiko kimoja cha chakula, na hujaribu sehemu ndogo ya ngozi. Muuzaji naye asiyapakie kwenye chupa za soda au za maji.

Kujifukiza, ambako kulishika kasi Tanzania mwaka 2020 wakati wa korona, kuna hatari ya namna yake. Kinachoumiza zaidi hapo ni maji ya moto. Mtoto asifunikwe na blanketi pamoja na sufuria inayochemka. Mtu mzima aepue chombo jikoni, akiweke mahali kisipoweza kupinduka, afumbe macho na akae dakika chache tu. Mwenye pumu aache kabisa, maana harufu hiyo inaweza kumbana kifua. Na mtoto mwenye homa au anayepumua kwa shida apelekwe kupimwa, kwani mvuke hautibu malaria wala nimonia.

Bosisto alifariki Richmond mwaka 1898. Sehemu kubwa ya mafuta ya mkaratusi duniani sasa hutoka China, lakini chupa zenye jina lake na picha ya kasuku bado zinauzwa Australia.