Aliyetuachia hazina tukashindwa kuitunza

Wakati mmoja niliwaongoza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hadi katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue jijini Nairobi, hatua chache kutoka ilipo sanamu ya Tom Mboya. Nauli walilipa wazazi, kwa maana fedha za shughuli za muhula ule zilikuwa zimekwisha katika mashindano ya mpira. Sikunung'unika, kwani vijana wetu walikuwa wamecheza vyema na kufika mbali. Tulipokuwa tukitazama vinyago na nguo za fahari kutoka pembe zote za Afrika, msichana mmoja akasoma jina lililoandikwa ukutani, akanigeukia na kuniuliza Murumbi alikuwa nani.

Nilimjibu kwamba alikuwa Makamu wa pili wa Rais wa Kenya. Akangoja niendelee. Sikuwa na la kuongeza, na nilitahayari mbele ya wanafunzi wangu. Tangu siku hiyo nimejitwika kazi ya kusoma habari za mtu huyu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba maisha yake yanatueleza sera ya utamaduni ya nchi hii kuliko waraka wowote wa serikali.

Joseph Zuzarte Murumbi alizaliwa mwaka wa 1911 katika eneo la Eldama Ravine. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa na mama yake alikuwa Mmasai. Akiwa bado mtoto alipelekwa India kusoma, akarejea Kenya mwanzoni mwa miaka ya thelathini akiwa kijana aliyelazimika kujifunza upya nchi aliyozaliwa. Katika siku zile za ukoloni kila mtu aliandikwa katika daftari la rangi yake, na mwenye damu mbili hakuwa na ukurasa. Murumbi alichagua upande wa mama yake na jina la Kiafrika. Nadhani uamuzi huo ndio mzizi wa mengi aliyoyafanya baadaye. Asiyepewa urithi kwa urahisi huujua thamani yake.

Alifanya kazi ya ukarani, kisha akahudumu Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza kwa takriban miaka kumi. Aliporudi mwaka wa 1952 alikuta nchi inawaka moto. Viongozi wa chama cha KAU walipotiwa mbaroni mwezi wa Oktoba, yeye alishika wadhifa wa katibu mkuu kwa muda. Mwaka uliofuata akaondoka kwenda kuitetea Kenya ng'ambo, na hakurejea hadi mwaka wa 1962.

Miaka hiyo ya uhamishoni aliishi zaidi London. Alipata riziki katika ubalozi wa Morocco na kushiriki katika harakati za kuyapinga makoloni. Hakuwa tajiri, lakini akiba yake ndogo aliipeleka katika maduka ya vitabu vikuukuu, akinunua kila kilichoandikwa juu ya Afrika, kizuri kwa kibaya, kuanzia safari za wavumbuzi hadi taarifa za wamisionari. Huko ndiko alikokutana na Sheila, mkutubi aliyekuja kuwa mkewe. Mtu aweza kuuliza, mpigania uhuru ana haja gani na vitabu vya waliomdharau? Murumbi alifahamu kwamba habari zetu nyingi zilikuwa zimeandikwa na wageni, na kwamba ili tuzisahihishe ilitupasa kwanza kuwa nazo mikononi.

Uhuru ulipopatikana aliingia serikalini, akawa Waziri wa Mashauri ya Kigeni kuanzia mwaka wa 1964. Alikuwa miongoni mwa waliosukuma kuundwa kwa Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, iliyopata sheria yake Bungeni mwaka wa 1965. Umuhimu wa jambo hilo ulidhihirika baadaye sana. Mwaka wa 2011, wazee wetu waliopigania uhuru wakiwa na kesi mahakamani London, ilifichuka kwamba Waingereza walikuwa wamehamisha maelfu ya majalada ya siri kutoka makoloni yao na kuyaficha Hanslope Park. Taifa lisilo na nyaraka zake huomba ushahidi kwa aliyelidhulumu.

Februari 1965, rafiki yake mkubwa Pio Gama Pinto aliuawa kwa risasi Nairobi. Mei 1966 Murumbi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amejiuzulu. Sababu iliyotolewa ni afya. Wengi waliomjua walisema kifo cha Pinto kilimvunja moyo asiweze kuendelea na siasa ile. Wapo wanaomlaumu kwa kutobaki na kupigana ndani kwa ndani. Mimi simlaumu. Ni viongozi wangapi katika bara hili tuwajuao walioacha kiti cha pili kwa ukubwa nchini kwa hiari yao, wakaenda kukusanya vinyago?

Maana hivyo ndivyo alivyofanya. Alijiunga na biashara, na mwanzoni mwa miaka ya sabini yeye na Sheila, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, wakaanzisha jumba la sanaa la African Heritage, ambamo mafundi wa Afrika nzima waliuza kazi zao kwa heshima. Nyumbani kwake Muthaiga mlijaa vitabu, barua, picha, vito, nguo na stempu za posta. Wageni wenye fedha walibisha hodi kutoka ng'ambo wakitaka kuununua mkusanyo huo kwa bei ya juu. Aliwakatalia. Mwaka wa 1976 akaiuzia serikali ya Kenya kwa bei nafuu vitabu vyake, vinavyohesabiwa kwa makumi ya maelfu, pamoja na nyaraka zake, ili vibaki nyumbani. Nyumba yenyewe pia iliingia mikononi mwa serikali, kwa makusudio kwamba igeuzwe taasisi ya taaluma za Kiafrika, mahali ambapo mwanafunzi wa Kisumu na mtafiti wa Dakar wangeketi meza moja. Naye akahamia shambani kwake Intona, Trans Mara.

Msomaji, hapa ndipo roho yangu huuma. Taasisi haikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, kiwanja kikagawanywa na miti aliyoipenda ikakatwa. Mzee huyo, afya yake ikiwa imekwisha kudhoofika kwa kiharusi, alirudi Nairobi akayashuhudia hayo kwa macho yake. Alifariki Juni 1990. Waliokuwa karibu naye husimulia kwamba majonzi hayo yaliharakisha mwisho wake.

Sisemi kwamba serikali haikutoa fedha. Ilitoa, na tena iliyonunuliwa ilikuwa mali halali kwa bei ya kirafiki. Kasoro ni kwamba tulidhani kununua ndiyo kazi yote. Kununua huwa na hafla, wapiga picha na hotuba. Kutunza hakuna sherehe. Ni mshahara wa mkutubi, dawa ya mchwa, paa lisilovuja, ua na mlinzi wa lango, mwaka baada ya mwaka, na katika makadirio ya matumizi hivyo ndivyo hupigwa kalamu nyekundu kwanza.

Ugonjwa huu haukuishia katika utamaduni. Januari 2015 watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi kwa kuwa walidai uwanja wao wa michezo uliokuwa umezungushiwa ukuta. Kiwanja cha Muthaiga na uwanja wa Lang'ata vilisukumwa na mkono wa aina moja, ule unaoona ardhi tupu mahali ambapo wengine huona maktaba au goli la mpira. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa fasihi hugombania shilingi moja ya shughuli za shule kana kwamba ni maadui, ilhali wote wawili wanakaliwa na jirani yuleyule mwenye tamaa.

Mwaka wa 2018 serikali iliunda Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayojazwa na kodi za kamari na bahati nasibu. Nakiri kwamba fedha hizo hunitia kinyaa kidogo, kwa sababu nyingine zimetoka mifukoni mwa vijana niliowafundisha mimi mwenyewe, ambao hucheza kamari kwa simu usiku kucha. Lakini maadamu zimekwisha kukusanywa, ni haki kuuliza zinakwenda wapi. Mwaka wa 2025 zilikopwa takriban shilingi bilioni 45 kwa hati za dhamana ili kujenga uwanja wa Talanta, deni linalotegemea mapato ya Hazina hiyo. Sina ugomvi na uwanja, nami nitakwenda kutazama mechi. Hata hivyo sanaa imo katika jina la Hazina hiyo, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 11, imeutambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ningependa kuona fungu dogo la kila mwaka, lisiloguswa, kwa ajili ya kutunza tulivyo navyo tayari, na lingine la kuwalipia wanafunzi nauli ya kwenda kuviona. Mechi za shule husafirishwa kwa basi. Historia nayo yataka basi.

Kuna yaliyotengenezwa, nami sina budi kuyataja. Mwaka wa 2006 ukumbi wenye jina la Murumbi ulifunguliwa katika Hifadhi ya Nyaraka, ndio ule aliposimama mwanafunzi wangu. Sehemu nyingine ya mkusanyo iko Nairobi Gallery, jumba lililojengwa mwaka wa 1913 likawa ofisi ya serikali ya kikoloni, ambamo watu waliandikishwa vizazi, ndoa na vifo. Mambo hayo kwa kiasi kikubwa yalisukumwa na marafiki zake, Donovan akiwa mstari wa mbele hadi alipofariki mwaka wa 2021.

Murumbi alizikwa City Park, Nairobi, karibu na kaburi la Pinto, na Sheila akazikwa ubavuni pake alipofariki mwaka wa 2000. Mwaka wa 2009 bustani ya sanamu za mawe ilifunguliwa hapo kwa heshima yao. Bustani ya City Park yenyewe imewahi kumegwa na wanyakuzi, na wapenzi wa mazingira wamekesha kuitetea.

Nimewaahidi wanafunzi wangu kwamba safari ijayo tutafika huko. Yule msichana tayari ameandika orodha ya maswali, la kwanza likiwa ni nani sasa anaishi katika kile kiwanja cha Muthaiga. Barua ya kuomba nauli imo mezani kwa mwalimu mkuu, chini ya ratiba ya mashindano ya voliboli.