Kibuuka wa Mbaale: Maisha ya Shujaa Aliyepigana Kutoka Mawinguni

Wahenga walituachia methali kwamba mwenda juu kipungu hafikii mbinguni. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkanya mwenye kiburi. Hata hivyo, ukiizingatia kwa makini utaona kwamba haikani kuwa kipungu ameruka. Inachokana ni kwamba amefika. Tofauti hiyo ndiyo itakayotuongoza katika makala hii, ambayo inakusudia kusimulia maisha ya Kibuuka, shujaa wa Buganda anayesemekana kupigana vita akiwa angani, na kisha kuuliza kuruka kwa kweli ni kupi.

Swali hili si la anasa. Katika miaka ya karibuni vyombo vya habari vya Afrika Mashariki vimekuwa vikituletea mara kwa mara habari za mafundi wa vijijini waliounganisha injini ya pikipiki, mabomba ya chuma na mabati, wakaunda uani mwao ndege au gari lenye mabawa. Watazamaji hugawanyika. Baadhi hushangilia kabla chombo hakijaondoka ardhini, na wengine hucheka kwa kuwa kimenguruma, kikakimbia, kikajiinua kidogo kisha kikatua kwa kishindo. Wote hutoa hukumu, lakini ni nadra kumsikia mmoja wao akitaja kipimo anachotumia. Hali ni iyo hiyo katika somo la fasihi simulizi. Mwanafunzi huuliza kama Kibuuka aliruka kweli, akajibiwa kuwa hiyo ni mighani tu, na mjadala ukafungwa hapo.

Asili na Wito

Mapokeo ya Buganda yanamtaja Kibuuka kuwa mzaliwa wa visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria, ambalo Baganda huliita Nalubaale. Babaye alikuwa Wannema na nduguye ni Mukasa, ambaye baadaye alitukuzwa kuwa mungu wa ziwa hilo. Yapo masimulizi yanayosema kwamba jina lake la kwanza lilikuwa Kyobe, na kwamba Kibuuka ni jina la sifa alilopewa kwa ajili ya matendo yake. Jina hilo linatokana na kitenzi cha Kiganda okubuuka, na tutalirejelea baadaye kwa sababu limebeba sehemu kubwa ya hoja yetu.

Zama zenyewe ni za Kabaka Nakibinge, anayehesabiwa kuwa wa nane katika orodha ya watawala wa Buganda, na ambaye wanahistoria wengi humweka katika karne ya 16. Buganda ya wakati huo haikuwa dola kubwa iliyokutwa na wageni katika karne ya 19. Ilikuwa nchi ndogo iliyobanwa na jirani mwenye nguvu, Bunyoro. Nakibinge aliposhindwa mara kwa mara vitani, alipeleka ujumbe Ssese kuomba msaada, naye Wannema akamtoa mwanawe.

Kabla ya kuondoka, Kibuuka alipewa masharti mawili. La kwanza, adui asijue kamwe mahali anapojiweka wakati wa vita. La pili, asiwe na uhusiano wowote na mwanamke aliyetekwa kutoka upande wa adui. Msomaji wa mighani atatambua mara moja kwamba masharti ya namna hii hayatajwi bure. Shujaa akishapewa mwiko, hadhira hukaa ikisubiri siku ya kuuvunja.

Vita na Kifo

Kibuuka alipofika bara, namna yake ya kupigana iliwashangaza rafiki na adui. Majeshi yalipokabiliana, yeye alipaa, akajificha ndani ya wingu lililokuwa juu ya uwanja wa mapambano, na kutoka humo akawamiminia Banyoro mishale na mikuki. Banyoro waliona watu wao wakianguka bila kumwona anayewaua. Ngao walizozoea kuzikinga mbele ya vifua hazikuwafaa kitu, maana kifo kilikuwa kikishuka utosini. Walikimbia, na Baganda wakapata ushindi ambao Nakibinge alikuwa ameukosa kwa muda mrefu.

Baada ya vita waliletwa mateka, na miongoni mwao walikuwamo wanawake wa Kinyoro. Kibuuka alivutiwa na mmoja wao, akamchukua nyumbani kwake licha ya kukumbushwa mwiko wake. Mwanamke huyo alikaa naye, akapeleleza, akajua huyu ni nani na siku ya vita huwa wapi. Kisha usiku mmoja alitoroka, akarudi kwao na siri hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako; lakini tusisahau kwamba kwa Banyoro mwanamke huyu hakuwa msaliti hata kidogo. Alikuwa mateka aliyejikomboa na kuliokoa jeshi la kwao, na laiti mighani hii ingehifadhiwa Bunyoro, huenda yeye ndiye angekuwa shujaa wake. Mapokeo tuliyo nayo hayakumpa hata jina.

Vita vilipofufuka, Banyoro hawakuangalia mbele tena. Wapiga mishale wao walielekeza pinde juu, wakalilenga wingu. Kibuuka alijeruhiwa vibaya. Hakuanguka papo hapo. Aliruka akiwa na jeraha lake hadi Mbaale, katika eneo la Mawokota, akatua juu ya mti mkubwa na kufia hapo. (Mbaale hii isichanganywe na mji wa Mbale ulio mashariki mwa Uganda.) Nakibinge naye aliuawa katika vita vivyo hivyo vya Bunyoro, na masimulizi yanasema kwamba mkewe, Nannono, alishika uongozi wa nchi kwa muda.

Msomaji wa Kiswahili atasikia mwangwi wa mashujaa anaowafahamu. Fumo Liyongo wa pwani hakudhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo aliitoa kwa mwanawe mwenyewe. Luanda Magere wa Waluo alikuwa na mwili wa jiwe, lakini uhai wake ulikuwa kivulini, na aliyeligundua hilo ni mke aliyeletwa kutoka kwa maadui. Hata hivyo, kuna tofauti moja ambayo haipaswi kupuuzwa. Udhaifu wa Liyongo na wa Magere umo katika miili yao. Udhaifu wa Kibuuka umo katika mahali. Mwili wake ulikuwa kama wa mtu mwingine yeyote, wenye kupenywa na mshale; kilichomlinda ni kimo chake na adui kutojua aangalie wapi.

Maisha Baada ya Mauti

Kibuuka alizikwa Mbaale, akajengewa hekalu, akawekewa makuhani, na akahesabiwa miongoni mwa lubaale, yaani miungu ya Buganda, akiwa mungu wa vita. Kwa karne kadhaa watawala hawakwenda vitani bila kumshauri. Katika misukosuko ya kidini iliyoikumba Buganda mwishoni mwa karne ya 19, hekalu lake liliteketezwa. Mabaki yaliyoaminiwa kuwa yake, ukiwamo mfupa wa taya, yalinusurika, yakafika mikononi mwa mmisionari John Roscoe, naye akayapeleka katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Roscoe aliandika kuhusu Kibuuka, na kitabu chake juu ya Baganda kilichapishwa mwaka 1911.

Hivyo basi shujaa aliyeruka kutoka Ssese hadi Mawokota alisafirishwa tena, safari hii akiwa ndani ya sanduku na kwa jina la kielelezo cha kitaalamu. Alikaa ugenini zaidi ya nusu karne. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru wa Uganda, mabaki hayo yalirudishwa Kampala na kuwekwa katika Makumbusho ya Uganda. Tukio hili linatufunza kwamba suala la kama Kibuuka alikuwa kweli au la halikuwahi kuwa la vitabuni pekee. Waliomwona kuwa hekaya walimweka kabatini, na waliomwona kuwa babu yao walidai arudishwe.

Kuruka, Kubuuka na Kupaa

Sasa tulikabili swali letu. Katika Kiganda, okubuuka ni kuruka, na humfaa ndege wa angani kama linavyomfaa mtoto anayeruka mtaro. Kiswahili nacho kina kitenzi kuruka chenye maana hizo hizo mbili: panzi huruka, na mwewe huruka. Ndipo tukahitaji kitenzi kupaa pale tunapotaka kusisitiza kwenda juu. Kwa hiyo lugha zetu zimeuweka mruko mfupi na safari ya angani katika neno moja, na kumwachia msikilizaji kazi ya kupambanua.

Wanahistoria wa usafiri wa anga nao walikumbana na tatizo hilo hilo. Tarehe 9 Oktoba 1890, Mfaransa Clément Ader alijiinua kwa chombo chenye injini ya mvuke, akaenda kiasi cha mita 50 akiwa sentimita 20 hivi juu ya ardhi. Wengi hukataa kuuita huo upaaji, kwa sababu chombo hakikudumu angani wala hakikuweza kuongozwa. Ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, walipata sifa hiyo tarehe 17 Desemba 1903. Safari yao ya kwanza ilidumu sekunde 12 na kufika mita 36 tu, pungufu ya umbali wa Ader, lakini chombo chao kilikuwa na usukani wa kweli, na siku hiyo hiyo kilifikisha sekunde 59 na mita 260. Wabrazili wengi hadi leo humpa utangulizi Alberto Santos-Dumont, aliyepaa Paris mwaka 1906 kwa ndege iliyojiinua kwa magurudumu yake mbele ya hadhara, ilhali ndege ya akina Wright ilianzia kwenye reli mbele ya mashahidi watano.

Yaani hata kwa vyombo vilivyopigwa picha, ubishi haukuisha mpaka watu walipokubaliana juu ya vigezo: kujiinua kwa nguvu zako, kudumu angani, kuongoza mwendo, na kutua salama. Kwa vigezo hivyo, fundi wa kijijini ambaye gari lake limejiinua kidogo likarudi chini ameruka kwa maana ya panzi. Si matusi kumwambia hivyo; Ader naye alianzia hapo. Tusi ni kumdanganya kuwa amekwisha kupaa, akapanda juu zaidi bila usukani. Hata katika nchi zenye viwanda gari lenye mabawa limekuwa jambo gumu. Aerocar ya Moulton Taylor iliruka Marekani mwaka 1949, ikaidhinishwa rasmi mwaka 1956, lakini zilizoundwa hazikuzidi sita.

Je, Kibuuka? Tusikimbilie kumtawaza rubani wa kwanza wa Afrika, kwa maana hatuna ushahidi wa chombo, na mapokeo yenyewe hayadai kuwapo kwa chombo. Tusikimbilie pia kusema ni uongo. Tuangalie wingu lile. Aliyelelewa Kikima, kwenye vilima vya Mbooni huko Makueni, anajua kwamba katika miezi ya baridi aliye bondeni hutazama juu akaona wingu limekikalia kilima, na aliye kilimani wakati huo huo haoni wingu lolote ila ukungu. Jambo ni moja. Jina lake hutegemea mahali uliposimama. Mawokota nayo ni nchi ya vilima, mabonde na vinamasi. Mpiga mishale aliyejificha mahali pa juu, mlimani au kileleni mwa mti, ukungu ukiwa umetanda, angekuwa mawinguni machoni pa adui aliye chini. Na mapokeo yanasema mwili wake ulipatikana wapi? Juu ya mti.

Sidai kwamba huo ndio ukweli wote. Ninachodai ni kwamba mighani hii imehifadhi wazo sahihi la kivita: mwenye kumiliki kimo humiliki uwanja, mpaka siku adui atakapojua aelekeze silaha wapi. Mwaka 1911, mwaka ule ule wa kitabu cha Roscoe, rubani wa Kiitalia aliangusha mabomu kutoka kwenye ndege huko Libya, na hilo huhesabiwa kuwa shambulio la kwanza la aina hiyo duniani. Baada ya hapo majeshi yalijifunza kulenga juu, kama Banyoro walivyojifunza.

Tamati

Kwa mintarafu ya maisha ya Kibuuka, ni bora tuseme kwa uangalifu kwamba alibuuka, tukiliacha neno hilo na upana wake wote. Wanafunzi wa Kiswahili tunaokusanya mighani za makabila yetu tuna wajibu wa kunakili neno lililotumiwa na msimulizi kabla ya kulitafsiri, maana aliyetafsiri kuruka kuwa kupaa amekwisha kutoa hukumu kwa niaba ya wasomaji wake. Naye yule mwanamke wa Kinyoro, aliyelitazama wingu na kutambua kwamba ndani yake mna mtu, bado anasubiri mtafiti atakayekwenda Bunyoro kuuliza jina lake.