Mwindaji wa gorila aliyetuachia kamera na hifadhi ya mpakani

Lori likimaliza forodha ya Mpondwe na Kasindi na kushika njia ya Beni, haliendi mbali kabla ya kukuta Hifadhi ya Taifa ya Virunga. Upande wa Uganda hali ni hiyo hiyo. Anayetoka Mbarara kwenda Kasese hukatiza Hifadhi ya Queen Elizabeth, na Bwera yenyewe imebanwa kati ya hifadhi hiyo na milima ya Rwenzori. Mizigo ya kakao, kahawa, vitenge na samaki wa chumvi hupita kila siku kwenye njia zilizozungukwa na ardhi ambayo hairuhusiwi kulimwa.

Virunga ndiyo ya kwanza barani Afrika kuitwa hifadhi ya taifa. Kuanzishwa kwake kulitokana kwa sehemu kubwa na ushawishi wa Mmarekani mmoja, Carl Akeley, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kuua wanyama ili wawekwe kwenye makumbusho. Mtu huyo huyo ndiye aliyeunda kamera iliyowafungulia njia watengenezaji wa filamu za wanyamapori, zile ambazo leo kila kibanda chenye televisheni kinaweza kuzionyesha.

Akeley alizaliwa mwaka 1864 katika familia ya wakulima, jimbo la New York. Akiwa kijana aliingia kwenye karakana moja mjini Rochester iliyoandaa ngozi za wanyama kwa ajili ya makumbusho. Siku hizo ngozi ilijazwa majani makavu kama godoro, ikashonwa, na mnyama akatokea amevimba asijulikane. Akeley alikuja na njia yake. Alipima mifupa na misuli, akafinyanga mwili wa mnyama kwa udongo, kisha akatoa umbo jepesi na kulivika ngozi. Alishiriki pia kumwandaa Jumbo, tembo maarufu wa maonyesho aliyegongwa na treni nchini Kanada mwaka 1885.

Kazi ilimleta Afrika mara tano. Mwaka 1896, katika nchi ya Wasomali, alivamiwa na chui akabaki bila risasi. Alimuua kwa mikono mitupu, mkono mmoja ukiwa mdomoni mwa mnyama. Mwaka 1910, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, tembo alimwangusha na kumkandamiza chini kati ya pembe zake. Wapagazi walidhani amekufa. Mkewe wa wakati huo, Delia, aliposikia habari alipanda mlima kumfuata, na akamkuta bado anapumua.

Lakini tukio lililozaa kamera yake halikuwa la damu yake mwenyewe. Katika safari hiyo hiyo alijaribu kupiga picha za sinema za vijana wa Kinandi wakiwinda simba kwa mikuki. Ilishindikana. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku mazito. Ili kuigeuza kulia au kuiinua, mpiga picha alipaswa kuzungusha mikono ya chuma, mmoja kwa kila upande, huku akizungusha mwingine wa kuendesha filamu. Kabla hajamaliza kuelekeza, simba alikuwa ameshatoka kwenye picha.

Aliporudi Marekani alikaa kwenye karakana miaka kadhaa, na mwaka 1915 akapewa hataza ya kamera mpya. Ilikuwa ya duara na bapa, wenzake wakaifananisha na mkate wa kukaangwa. Hapa mpakani bila shaka ingeitwa chapati. Iliweza kugeuzwa juu, chini na pembeni kwa mkono mmoja, bila kutikisika. Ilikuwa na lenzi mbili zinazofanana, moja ya kunasa picha na nyingine ya kutazamia, na jicho la mpiga picha lilibaki mahali pamoja hata kamera ikielekezwa angani. Jeshi la Marekani liliitumia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye Robert Flaherty aliibeba hadi kwenye barafu ya Kanada, na Martin na Osa Johnson wakaileta Kenya kupiga simba na tembo. Huyu ndiye fundi aliyebuni pia mashine ya kunyunyizia zege, ambayo teknolojia yake bado inatumika migodini na kwenye mahandaki.

Mwaka 1921 alipanda volkano za Mikeno na Karisimbi kutafuta gorila kwa ajili ya makumbusho ya New York. Msafara wake uliua watano. Katika safari hiyo hiyo aliwasha kamera na kupata picha za kwanza za sinema za gorila wakiwa huru msituni. Aliyoyaona hayakufanana na hadithi za jitu katili alizozisikia. Aliandika baadaye kwamba mauaji yale yalimsumbua dhamiri, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuomba gorila waachwe.

Aliomba mahali pa kufaa. Mfalme Albert wa Kwanza wa Ubelgiji alikuwa ameitembelea Marekani mwaka 1919 na kuona hifadhi zake. Tarehe 21 Aprili 1925 akatangaza hifadhi kwenye volkano zile, ikapewa jina lake. Mwaka uliofuata Akeley alirudi, akiwa na mkewe wa pili, Mary Jobe. Alikuwa mgonjwa tangu njiani. Alifariki Novemba 1926 akiwa na miaka 62, akazikwa Kabara, kati ya Mikeno na Karisimbi.

Hakuwahi kuona hifadhi ikifika huku. Katika miaka iliyofuata utawala wa Wabelgiji uliipanua hadi Ziwa Edward, bonde la Semliki na Rwenzori, ikawa na eneo la karibu kilomita za mraba 7,800. Waliokuwa wakilima, kuchunga na kuvua humo hawakuulizwa. Waingereza nao walitangaza hifadhi upande wao mwaka 1952, na mwaka 1954 wakaiita Queen Elizabeth. Ndiyo maana mvuvi wa Katwe na wa Kyavinyonge wote wanaishi kwa masharti ya askari wa wanyama, na ndiyo maana mkulima wa Kasese hukesha shambani kuwafukuza tembo wasiojua mpaka.

Faida zake hazikugawanywa sawa. Gorila wa milimani sasa wamezidi 1,000, kwa hesabu iliyotangazwa mwaka 2018, na bila ulinzi huenda wasingekuwepo. Lakini watalii wanaowafuata hulala Kisoro na Musanze, si Kasindi. Huku kaskazini watu wameijua Virunga zaidi kama msitu wa kujificha. Walioshambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, Juni 2023, walikimbilia huko, kwa taarifa za jeshi la Uganda.

Mwaka 1963, Alan na Joan Root kutoka Kenya walikuwa Kabara wakipiga filamu za gorila Dian Fossey alipofika kwa mara ya kwanza. Mwaka 1967 Fossey alirudi, akapiga hema karibu na kaburi la Akeley, na baada ya miezi michache vurugu za Kongo zikamlazimisha kukimbilia Uganda. Gorila waliouawa mwaka 1921 bado wamesimama nyuma ya kioo mjini New York, na nyuma yao imechorwa milima ile ile ya Kabara.