George Hurst: Fundi wa mkono wa gia aliyeacha pia chombo cha kuokoa majeruhi

Jina la George Hurst, fundi wa magari wa Marekani aliyefariki mwaka 1986, limebaki kwenye vyombo viwili ambavyo kwa mtazamo wa kwanza havina uhusiano. Cha kwanza ni mkono wa gia unaofungwa sakafuni, uliowawezesha madereva wa mbio kubadilisha gia kwa haraka bila kukosea. Cha pili ni mashine ya kupasua na kupanua mabati ya gari lililopata ajali ili kumtoa mtu aliyenaswa ndani.

Hurst alizaliwa mwaka 1927. Hakumaliza shule, akiwa bado kijana mdogo alijiunga na jeshi la majini la Marekani, na alipotoka jeshini katikati ya miaka ya 1950 alifungua gereji katika vitongoji vya Philadelphia, jimbo la Pennsylvania. Ulikuwa wakati ambapo vijana wengi wa Kimarekani walinunua magari ya zamani kwa bei nafuu, wakang'oa injini na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi. Injini ngeni haikai vizuri kwenye chesisi isiyotengenezwa kwa ajili yake, na kazi ya mwanzo iliyompatia Hurst wateja ilikuwa kutengeneza vishikizo vya kufungia injini hizo.

Mwaka 1958 alianzisha kampuni pamoja na mwenzake Bill Campbell. Mtaji ulikuwa mdogo na bidhaa zao za kwanza hazikuwatajirisha. Kilichowainua ni kasoro ambayo kila fundi wa mbio aliifahamu.

Kasoro iliyokuwa pembeni mwa usukani

Magari mengi ya Marekani ya wakati huo yalikuwa na mkono wa gia pembeni mwa usukani. Mpango huo uliifaa familia: siti ya mbele ilikuwa benchi moja ndefu ya watu watatu, na sakafu ilibaki wazi kwa miguu. Lakini kutoka kwenye usukani hadi kwenye giaboksi kulikuwa na safari ndefu ya fimbo, viungo na mipira. Kila kiungo kilipolika, dereva alizidi kupoteza uhakika wa mahali gia ilipo, na aliyelazimisha haraka aliweza kukwamisha fimbo zote kwa pamoja.

Jibu la mafundi lilikuwa kuhamishia mkono huo sakafuni, juu ya giaboksi, ili njia iwe fupi. Vifaa vya kufanya hivyo vilikuwapo madukani kabla ya Hurst, ila vingi vilitengenezwa kwa mabati mepesi yaliyopinda au kuvunjika. Hurst alitumia chuma kinene, akaweka vizuizi imara vya kuuzuia mkono kwenda mbali kuliko inavyotakiwa, kisha akawapa wanunuzi dhamana ya maisha yote ya kifaa. Ahadi hiyo, kwa bidhaa ya watu waliojulikana kwa kuvunja vitu, ilikuwa ya kijasiri, na ndiyo iliyomjengea sifa.

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilipotoa gari lake la GTO, lililokuja kuwa mfano wa magari ya barabarani yenye nguvu za mbio, mkono wa gia wa Hurst ulikuwa sehemu ya gari hilo tangu kiwandani. Kifaa kilichoanza kama nyongeza ya mafundi wa mitaani kilikuwa kimeingia kwa mtengenezaji mkubwa.

Njia mbili kwa giaboksi moja

Sifa hizo zote zilihusu kwanza magari ya gia za mkono, yenye klachi. Hata hivyo, katikati ya miaka ya 1960 giaboksi za otomatiki zilikuwa zimeimarika kiasi cha kuaminika hata kwenye mbio, na Hurst aliligeukia tatizo lake.

Dereva wa gari la otomatiki lililoagizwa kutoka Japani, kama yalivyo mengi Nairobi na Dar es Salaam, anazijua herufi P, R, N na D. Chini yake huwa na gia za chini, ambazo dereva anaweza kuzichagua mwenyewe. Katika mbio, dereva aliyeanza na gia ya chini alilazimika kuusukuma mkono mbele hatua kwa hatua. Akisukuma kwa nguvu kupita kiasi aliipita D na kuangukia N. Injini ikapaa kwa mzunguko usio na mzigo, gari likapoteza mwendo na mashine ikawa hatarini.

Hurst alitoa mkono wa gia wenye njia mbili zilizo sambamba. Njia moja ilifuata mpangilio wa kawaida, kwa safari za kila siku. Katika njia ya pili, kila msukumo mmoja ulipandisha gia moja tu, na kizuizi cha chuma kiliuzuia mkono usifike N. Dereva aliweza kuusukuma kwa nguvu zake zote bila kuangalia.

Biashara ilizipa njia hizo jina la Yake na Yake: ya mke ilikuwa ile ya kawaida, ya mume ile ya mbio. Jina hilo lilibeba dhana ya zama zake kwamba mwanamke hahitaji mwendo. Matangazo ya kampuni yalifuata mkondo huohuo, pale Linda Vaughn alipopanda juu ya gari akiwa ameshika mkono wa gia mkubwa kuliko yeye mwenyewe na kuwapungia watazamaji viwanjani. Lakini viwanja hivyohivyo vilikuwa na ushahidi wa kinyume: mwaka 1966 Shirley Shahan alishinda daraja lake katika mashindano ya kitaifa ya Winternationals huko California, akiwapita wanaume aliopangwa nao.

Mahali ambapo kosa dogo huwa kubwa

Kuufunga mkono wa aina hiyo kwenye gari la zamani huonekana kazi rahisi: toboa sakafu, funga kiti chake, unganisha fimbo. Ugumu umo ndani ya giaboksi. Mkono ulio ubavuni mwake huzungusha bamba lenye mapengo, na kila pengo ni nafasi moja ya gia. Bamba hilo husogeza vali inayoelekeza mafuta yenye shinikizo kwenye klachi za ndani. Mkono wa sakafuni nao una mapengo yake. Seti hizo mbili zisipokubaliana, dereva huona herufi moja huku giaboksi ikiwa katikati ya nafasi mbili. Shinikizo la mafuta hupungua, klachi huteleza, zikapata joto na kuungua.

Kwa hiyo fundi makini huweka mkono na giaboksi katika nafasi ileile, kisha hurekebisha urefu wa fimbo mpaka pini iingie tunduni yenyewe, bila kulazimishwa. Baada ya hapo hujaribu kila nafasi, kwenda na kurudi. Nafasi ya P ndiyo yenye hatari kubwa zaidi, kwa kuwa jino la chuma hutakiwa kuingia kikamilifu kwenye gurudumu lenye meno ili gari lisibingirike. Fimbo iliyo fupi kidogo tu inaweza kuliacha jino hilo nusu njia, na gari lililoegeshwa mlimani likaondoka lenyewe.

Jambo jingine ni swichi inayozuia injini kuwaka gari likiwa kwenye gia. Mkono wa zamani unapoondolewa kwenye usukani, swichi hiyo mara nyingi hubaki bila kazi, na ni lazima nyingine iunganishwe. Kuanzia Januari 1968, kanuni za usalama za Marekani zilitaka magari mapya ya otomatiki yasiweze kuwashwa isipokuwa kwenye P au N, na N iwe kati ya gia za kwenda mbele na ile ya kurudi nyuma. Gari lililobadilishwa gerejini bila swichi hiyo linaweza kuruka mbele mara ufunguo unapozungushwa, na aliyesimama mbele yake hana nafasi ya kukimbia.

Mwaka huohuo wa 1968 jina la Hurst lilipanda hadi kwenye gari zima. Kampuni mama ya General Motors ilikuwa imepiga marufuku injini inayozidi inchi za ujazo 400 katika magari yake ya ukubwa wa kati. Kwa kushirikiana na Hurst, Oldsmobile ilipata mwanya wa kutoa gari lenye injini ya inchi 455, takriban lita 7.5, lililoitwa Hurst/Olds. Yalitengenezwa magari 515, ya rangi ya fedha na nyeusi, yakiwa na giaboksi ya otomatiki na ule mkono wa njia mbili.

Ajali iliyomsumbua

Kabla ya mafanikio hayo yote, mwaka 1961, Hurst alikuwa ameshuhudia ajali kwenye mbio za magari. Dereva aliyejeruhiwa alinaswa ndani ya gari lake, na waokoaji walitumia zaidi ya saa moja kumtoa. Vyombo vyao vilikuwa mitaimbo na misumeno. Mtaimbo ulihitaji muda na misuli. Msumeno ulitoa kelele zilizomtia hofu majeruhi, na cheche zilizoweza kuwasha petroli iliyomwagika.

Hurst alianza kutafuta chombo cha haidroliki: injini ndogo inayoendesha pampu, mipira ya mafuta yenye shinikizo, na mikono miwili ya chuma inayojitenga polepole kwa nguvu kubwa. Chombo hicho huingizwa kwenye ufa wa mlango na kuusukuma hadi bawaba zikatike. Vya mwanzo vilikuwa vizito mno, na ilichukua miaka kuvipunguza mpaka vikaweza kubebwa na waokoaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mike Brick, aliyefanya kazi ya kukisambaza, alikipa jina la Taya za Uhai, baada ya kusikia watu wakikisifu kwamba huwanyakua majeruhi kutoka kwenye taya za mauti. Vikosi vya zimamoto vikaanza kukinunua.

Mtu aliyewauzia vijana njia ya kwenda kasi zaidi hakuacha kuuza mwendo kwa sababu ya ajali ile. Biashara zote mbili ziliendelea pamoja, chini ya jina moja, na wateja wa ya kwanza wakati mwingine walikuwa wahitaji wa ya pili.

Jina lililotengana na mwenyewe

Mwaka 1970 kampuni ya Sunbeam, iliyofahamika zaidi kwa vyombo vya umeme vya nyumbani, iliinunua Hurst. Mwanzilishi hakubaki na usukani wa kampuni aliyoijenga, ingawa jina lake liliendelea kuchongwa kwenye vifaa vya kiwanda. Alifariki California akiwa na umri wa takriban miaka 60.

Tangu wakati huo jina hilo limepita kwenye mikono ya wamiliki kadhaa, na urithi wake umegawanyika: mikono ya gia inatengenezwa na kampuni moja, vyombo vya uokoaji na nyingine. Wapenzi wa magari ya kale bado hutafuta ile mikono ya njia mbili ya miaka ya 1960, huisafisha, hubadilisha mipira yake iliyozeeka na kuifunga upya. Wanaoifanya kazi hiyo sawasawa huanza kwa kupima P juu ya mteremko, huku magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa magogo.